Maswali ya Wasomaji: Tazama Sufuria Kabla ya Kununua Chupa

Barua za mwezi huu nyingi zimekuja na picha za chupa na makopo, na karibu zote zinauliza jambo moja: ninunue au nisinunue? Tutazijibu moja moja, kwa sababu jibu la mjamzito si jibu la dereva wa lori. Kwanza tukubaliane maneno. Humu tutaita virutubishi vile vilivyomo ndani ya chakula: madini, vitamini, protini. Virutubisho tutaviita vile vinavyouzwa kwa vidonge, unga au matone.

Mashine imesema nimeishiwa madini

*Shikamooni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro, miaka 34, watoto wawili. Nachoka tangu asubuhi hadi natamani kulalia madaftari. Rafiki yangu alinipeleka kwenye semina ya afya, nikashikishwa chuma mkononi kama dakika moja, mashine ikatoa karatasi: nimepungukiwa chuma, zinki, kalsiamu na kolajeni, na ini lina sumu. Nimeandikiwa pakeji ya shilingi 165,000 kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, nakunywa chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana wali maharage shuleni, na chai tena. Usiku ugali na mchicha, na chai ya kushushia. Nalala saa sita nikimaliza kusahihisha. Ninunue?*

Marahaba, mwalimu. Usinunue. Ile karatasi iweke kando kwanza. Chuma cha mwilini hupimwa kwenye damu: wingi wa damu, yaani himoglobini, na pale inapowezekana feritini, ambayo ni akiba ya chuma. Kushika fimbo ya chuma kiganjani hakupimi zinki wala sumu ya ini. Ukitaka kuijaribu mashine yenyewe, rudi siku nyingine, taja umri na uzito tofauti, kisha zilinganishe karatasi mbili. Kuhusu kolajeni, hiyo ni protini. Ukiimeza tumbo huivunjavunja kama linavyovunja protini ya maharage, haisafiri nzima hadi usoni. Na ini halihitaji kusafishwa kwa chai ya pakiti. Kusafisha ndiyo kazi yake.

Sasa tuisome barua yako, maana jibu umeliandika mwenyewe. Kutoka saa sita usiku hadi saa kumi na nusu ni saa nne na nusu. Mtu mzima anahitaji angalau saba. Unadaiwa saa mbili na nusu kila usiku, na deni hilo halilipwi kwa kidonge. Tunajua madaftari hayajisahihishi. Basi anza na saa moja tu: sahihisha yanayowezekana kabla ya kutoka shuleni, na saa tano usiku simu na taa vizimwe. Saa moja kila siku kwa wiki ni saa saba, yaani usiku mzima uliorudishiwa.

Jambo la pili ni chai. Una chai kwenye kila mlo, na majani ya chai yana tanini zinazokamata chuma cha mboga na nafaka tumboni kabla hakijaingia kwenye damu. Mwanamke wa umri wako anahitaji kama miligramu 18 za chuma kwa siku, na karibu chote unachokula wewe ni chuma cha mimea, ambacho ndicho kinachokamatwa kwa urahisi. Hatusemi uache chai, hatujafika huko. Isogeze tu: saa moja au zaidi baada ya kula. Ile ya asubuhi inywe wakati wa mapumziko ya saa nne.

Mahali pake mezani weka kitu chenye vitamini C, ambayo hufanya kinyume cha chai: chungwa, pera, papai, au limau lililokamuliwa juu ya mboga. Likamulie kwenye sahani, si kwenye sufuria, kwa kuwa moto huiharibu vitamini C. Mchicha wenyewe hushikilia chuma chake kwa nguvu, hivyo usiutegemee peke yake. Ongeza kiganja cha dagaa au vipande vichache vya nyama. Nyama na samaki vina chuma kinachoingia haraka, na pia hukivuta kile cha mboga kilicho karibu.

Hapa tusimame kidogo kwenye upishi, maana virutubishi vingi hupotelea jikoni, si sokoni. Osha mchicha ukiwa mzima, ndipo ukate. Ukikata kwanza kisha ukaloweka, vitamini zinazoyeyuka kwenye maji zinamwagika na maji. Usiuchemshe ukakamua ukamwaga lile maji la kijani. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, tia mchicha, geuza, dakika tatu hadi tano, epua. Mafuta hayo kidogo ni ya lazima, bila mafuta vitamini A ya mboga haiingii vizuri. Magadi usitie. Yanailainisha mboga na kuiacha na rangi nzuri, lakini yanaua vitamini C na B1, na yanakuongezea sodiamu. Kisamvu peke yake ndicho kisichofuata sheria hii: kina sumu ya sianidi, kitwange na kukichemsha vya kutosha, mwanzoni bila kifuniko. Maharage yaloweke usiku kucha, umwage maji ya kulowekea, kisha upike kwa maji mapya.

Maandazi yabaki ya Jumamosi. Siku za kazi pika uji wa dona au ulezi wenye karanga za kusaga, au kula viazi vitamu na yai.

Kisha nenda zahanati, na ukifika usiseme "nataka vitamini". Sema umechoka kwa muda gani, na uombe kupimwa wingi wa damu, sukari, choo kwa ajili ya minyoo, malaria, na ujauzito kama kuna uwezekano. Himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito ni upungufu wa damu. Ikiwa ndivyo, utapewa vidonge vya chuma kama dawa, kwa dozi na muda, na lazima chanzo kitafutwe: hedhi nzito, safura, au kingine. Mwenye siko seli asimeze chuma bila daktari kusema. Kama vipimo vyote ni vizuri, umelala wiki nne na bado umechoka, rudi. Kuna tezi ya shingoni inayoitwa thairoidi, na kuna sonona, na vyote viwili huanza kwa uchovu. Shilingi 495,000 za miezi mitatu hazipimi hata kimoja kati ya hivyo.

Vidonge vya kliniki vinanifunga choo, jirani ana unga wa asili

*Nina mimba ya miezi minne, Tanga. Kliniki wamenipa vidonge vya damu, lakini choo kinakuwa cheusi na kigumu, na nasikia kichefuchefu. Jirani anauza unga wa bitiruti, anasema ni wa asili na unaongeza damu kuliko vidonge. Niviache?*

Hapana, mama mtarajiwa. Kwako wewe tunasema kinyume cha tulichomwambia mwalimu. Mimba huongeza mahitaji ya chuma kuliko chakula cha kawaida kinavyoweza kufikia, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wapewe kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki.

Tufanye hesabu ya bitiruti. Gramu 100 za bitiruti mbichi zina chuma kama miligramu 0.8. Kuzifikia miligramu 60 ungehitaji kula kilo saba na nusu kwa siku. Wekundu wake ni rangi ya mmea, haina uhusiano na wekundu wa damu, na rozela ni hivyo hivyo. Kunywa kama kinywaji, hakuna ubaya, ila usiite dawa.

Choo cheusi ni kawaida, ni chuma kilichobaki kinatoka. Kichefuchefu hupungua ukimeza kidonge usiku kabla ya kulala, baada ya kula kitu kidogo, kwa maji au juisi ya chungwa. Usikimeze kwa chai, kahawa wala maziwa. Choo kigumu kinatibiwa na maji ya kutosha, papai, mboga, ugali wa dona badala ya sembe, na kutembea. Ikishindikana mwambie muuguzi, anaweza kubadilisha aina au dozi. Wengi huvitupa vidonge chooni kimya kimya na kliniki wanasema wamemeza, kisha damu inapimwa na muuguzi anashangaa.

Halafu kuna jambo ambalo hukuliuliza, lakini wajawazito wengi hulificha: udongo wa pemba. Kama unautafuna, acha. Udongo hukamata chuma tumboni na kukipitisha nje, na unaweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi. Hamu kali ya udongo mara nyingi ni dalili kwamba damu imepungua, kwa hiyo mwambie muuguzi bila aibu.

Usiongeze multivitamini ya dukani bila kuuliza. Nyingine zina vitamini A nyingi, na kuzidi uniti 10,000 kwa siku kunaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kwa sababu hiyo hiyo maini yasiwe chakula chako cha kila siku. Vidonge vyako viweke juu, mbali na watoto. Vinafanana na peremende, na mtoto mdogo akimeza vingi anaweza kufa.

Wasomaji wanaopanga mimba, asidi ya foliki inatakiwa ianze kabla. Mfereji wa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 hivi za mwanzo, wakati wengi hawajajua hata kama wana mimba. Ukisubiri hadi kliniki ya kwanza, nafasi ya kuzuia mgongo wazi imeshapita.

Presha, mafuta ya samaki na vidonge vya mapafu

*Mimi ni dereva wa lori, Mombasa, miaka 52. Presha yangu ilikuwa 158 kwa 96, nikapewa dawa. Nimeziacha wiki tatu, natumia vidonge vya kitunguu saumu na mafuta ya samaki. Navuta sigara kama kumi kwa siku, na nimeuziwa pia vidonge vya beta-karotini vya kulinda mapafu. Nipo sawa?*

Haupo sawa, mzee wetu, na tunaanza na la haraka. Beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo mwili huigeuza vitamini A, acha leo. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya utafiti wa Finland uliofuatilia wanaume wavutaji 29,133. Waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Utafiti mwingine wa Marekani kwa wavutaji ulisimamishwa mapema kwa sababu kama hiyo. Karoti kula, zenyewe hazina shida hiyo. Cha kulinda mapafu ni kuacha sigara.

Mafuta ya samaki nayo yalijaribiwa Marekani kwa watu 25,871, na matokeo yakatoka 2018: gramu moja kwa siku haikupunguza kwa kiwango cha kutegemewa jumla ya mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo. Samaki mwenyewe, mara mbili kwa wiki, ni chakula kizuri, na wewe unaishi pwani. Kitunguu saumu kibaki kwenye mchuzi.

Kuhusu dawa, rudi uzungumze na daktari wako wiki hii, usizianze wala kuziacha kwa ushauri wa muuzaji. Ila uzibebe pamoja na mambo ambayo hakuna duka linaloyauza. Chumvi kwanza. Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima, ikihesabiwa na ile iliyojificha kwenye mkate, achari, ng'onda na viungo vya pakiti, ambavyo sehemu kubwa ya uzito wake huwa ni chumvi. Nyumbani pima hivi: andika tarehe kwenye pakiti mpya ya gramu 500. Familia ya watu watano ikila gramu 5 kila mmoja, pakiti inamalizika siku ya 20. Ikiisha siku ya 12, mmejua. Njiani agiza nyama bila kile kilima cha chumvi pembeni ya sinia, maana mkono huchovya wenyewe.

Kwa dereva, kutembea ni tabu lakini kunawezekana. Kila unaposimama kupakia au kupima mzigo, tembea dakika kumi kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mara tatu kwa siku, siku tano, ni dakika 150 za wiki zinazotakiwa. Ukiwa na kitambi, kila kilo inayopungua hushusha presha kama namba moja.

Nunua kipimo cha presha cha mkononi, kinachofungwa juu ya kiwiko. Hapa ndipo wengi hukosea, kisha wanailaumu mashine. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, kitambaa juu ya ngozi na si juu ya shati. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hutoa namba ya juu ya uongo, na kuongea wakati wa kupima vivyo hivyo. Pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, dakika moja katikati, siku saba. Tupa za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki, umpelekee daktari. Nyumbani, 135 kwa 85 na kuendelea ni presha ya juu.

Na kama dawa yako ni losartani au enalaprili, usiongeze kirutubisho cha potasiamu bila kuuliza. Ikipanda sana husimamisha moyo.

Unga wa mlonge

*Kijiko cha unga wa mlonge kila asubuhi kinatosha badala ya mboga?* (Dodoma)

Hakitoshi. Mlonge ni mboga nzuri sana, tena ni mboga, kwa hiyo upike. Kijiko cha unga ni gramu chache tu. Bakuli la majani mabichi yaliyopikwa kama mchicha lina mengi zaidi, na mti mara nyingi uko kwenye uzio wa jirani. Ukikausha, kaushia kivulini, jua kali hula vitamini A. Tunachokataa ni ile orodha ya maradhi 300 kwenye kopo.

Natumia ARV, nimepewa kalsiamu

*Natumia dawa yangu moja kwa siku yenye dolutegravir, na sasa nimenunua kopo lenye kalsiamu, chuma na zinki. Kuna shida?* (Mwanza)

Ipo, na ni ya saa. Madini hayo huishika dolutegravir tumboni, vikatoka pamoja bila dawa ya kutosha kuingia mwilini. Ukimeza ukiwa na njaa, dawa itangulie saa mbili kabla ya kopo, au ije saa sita baada yake. Kalsiamu au chuma unaweza kumeza pamoja na dawa ikiwa ni wakati wa mlo, si tumbo tupu. Dawa za kiungulia zenye alumini au magnesi fuata saa mbili na sita hata kama umekula. Kopo lichukue uende nalo kliniki, mfamasia alione. Kama umepewa vitamini B6 pamoja na dawa za kuzuia kifua kikuu, hizo si za biashara, ni sehemu ya tiba, endelea.

Walio kwenye metformini, dawa ya kisukari, miaka mingi nao wana jambo lao: dawa hiyo inaweza kushusha vitamini B12. Miguu ikianza kuwaka moto au kufa ganzi usiseme ni sukari tu, omba kupimwa.

Unga wa protini kwa anayenyanyua vyuma

*Nina kilo 65, naenda jimu Nakuru mara nne kwa wiki. Kopo la protini ni ghali lakini wote wanatumia. Bila hilo nitajenga misuli?*

Utajenga. Anayenyanyua vyuma kwa bidii anatosheka na kama gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili, kwako ni kama 104 kwa siku. Zipange: mayai matatu gramu 18, vikombe viwili vya maziwa 16, vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa 30, kiganja cha omena, yaani dagaa, wakavu cha gramu 30 ni kama 15, nyama isiyo na mafuta gramu 100 baada ya kupikwa 26. Jumla 105, na ugali hatujauhesabu. Zigawe kwenye milo mitatu au minne, usizirundike usiku.

Unga wa protini si sumu. Mwingi ni protini ya maziwa iliyochujwa na kukaushwa, na kwa mtu asiye na muda una nafasi yake. Ila hauna chuma cha omena, nyuzinyuzi za maharage wala kalsiamu ya mifupa ya samaki unayotafuna. Zaidi ya hapo, baadhi ya bidhaa za kujenga misuli zimewahi kukutwa na homoni ambazo lebo haikuzitaja. Ukiona chunusi za ghafla, matiti kuvimba au macho kuwa ya njano, acha na uende hospitali na kopo lako.

Wanaokwama jimu kwa kawaida wanakwama kwa mengine: wananyanyua uzito ule ule miezi sita, wanalala saa tano, au wanakula kidogo wakidhani ni protini tu inayohesabiwa. Andika kwenye daftari uzito na idadi ya kila zoezi. Ukifikisha mara 12 bila kuyumba, ongeza kilo mbili na nusu.

Vitamini D, London

*Salaam alaykum. Nimezaliwa Zanzibar, naishi mashariki ya London, navaa hijabu. Nanyonyesha mtoto wa miezi mitano, maziwa yangu tu. Mkunga ameniambia nimeze vitamini D na mtoto apewe matone. Mama yangu anasema huko ni kutupa pesa, nikae juani.*

Waalaykum salaam, dada. Mama yako anasema kweli ya Unguja. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mionzi ya jua la juu, na kwenu London kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua liko chini mno, mionzi hiyo haifiki ya kutosha hata ukikaa nje kutwa. Kukaa nyuma ya dirisha hakusaidii msimu wowote, kioo huizuia. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi, na nguo hufunika iliyobaki. Ndiyo maana Uingereza inawashauri watu wenye ngozi nyeusi na wanaojisitiri watumie mikrogramu 10 kila siku, mwaka mzima. Mkunga yuko sahihi. Mtoto anayenyonya apewe mikrogramu 8.5 hadi 10 kwa siku tangu kuzaliwa hadi mwaka mmoja. Anayekunywa maziwa ya kopo zaidi ya mililita 500 kwa siku hahitaji, yameshaongezwa. Kama kipato chenu ni kidogo, uliza kuhusu mpango wa Healthy Start, vitamini hizo hutolewa bure kwa wanaostahili.

Tembea naye nje hata hivyo, usingizi na viungo vyenu vinataka.

Cha kuangalia ni namba. Mikrogramu 10 ni sawa na uniti 400, ambazo chupa huandika IU, na maduka ya huko yanauza hadi vidonge vya 4,000, ambavyo ndivyo mwisho wa mtu mzima kwa siku, si dozi ya kuanzia. Ikizidi kwa muda mrefu hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuharibu figo. Matone yana mtego mwingine: chupa moja dozi yake ni tone moja, nyingine ni matano. Usitumie mazoea ya chupa iliyokwisha. Soma mpya, dondosha kwenye kijiko safi uyaone ndipo umpe, na uandike kwenye kalenda ya jikoni ili baba yake asimpe tena jioni.